Barua Iliyobaki Mfukoni

Mama Ilunga alizikwa Kamina siku ya mvua, nami nilifika siku tatu baada ya maziko, kwa sababu treni zetu siku hizi hufika zinapotaka. Nilimkuta mwanawe, Ilunga mwenyewe, ambaye sasa ni mzee mwenye mvi nyingi kupita zangu, amekaa sebuleni na mgeni kutoka Lubumbashi. Katikati yao, juu ya meza, palikuwa na kopo la biskuti lililoanza kushika kutu pembeni. Nililitambua kabla hata sijamaliza kutoa pole. Yule mgeni ni mtu anayekusanya barua za zamani za wakubwa wa nchi na kuwauzia watu wa mbali wanaopenda vitu hivyo. Alikuwa amevaa glavu nyembamba nyeupe na ameshika kioo cha kukuzia, akanigeukia kwa heshima zote: "Mama, banasema ulikaa nabo hapa Kamina mwaka muzima. Unaweza kutuambia kama hii barua iko mukono ya Komisere Lubangi yeye mwenyewe?" Nikaomba chai kwanza. Swali lilikuwa dogo, lakini nimelibeba zaidi ya miaka hamsini, na hata pale, kikombe mkononi, sikujua nianzie wapi.

Ulikuwa mwaka ule tulipoambiwa na serikali tuache majina ya ubatizo tuchukue ya mababu. Niliingia Kamina nikiitwa Anastasie, nikatoka nikiitwa Numbi, na katikati yake kuna miezi ambayo nikiitwa kwa jina lolote nilichelewa kuitika. Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuja kujifunza kupiga mashine ya kuandikia kwa masista, na nikapewa chumba cha nyuma katika nyumba ya Papa Kalenga, kambi ya reli. Nyumba za kambi zilikuwa za matofali mekundu, zote sawa, kiasi kwamba wiki ya kwanza niliingia nyumba ya jirani, nikavua viatu na kukaa, hadi mwenye nyumba akaniuliza kwa upole kama nitakula. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha chuma, msumari mmoja wa kutundikia nguo, na dirisha linalotazama jikoni. Kwa dirisha lile nilijua mambo mengi ya nyumba ile kuliko nilivyoambiwa. Papa Kalenga alikuwa karani katika ofisi ya mwendo wa treni, mtu mrefu, mkimya, aliyekunja hata taulo kwa rula. Mkewe, Mama Ilunga, alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi. Papa alikuwa amefiwa na mke wa kwanza kabla ya kumuoa. Mtoto wao mmoja, Ilunga, alikuwa bweni kwa mapadri. Kwa hiyo mezani tulikuwa watatu, Papa, na Mama, na mimi niliyekula bukari, ugali wetu, ya watu wawili bila aibu.

Jumapili baada ya misa palikuwa na wageni. Mama alipika sombe, yaani kisamvu, yenye karanga na samaki wakavu walioletwa kutoka Malemba, na harufu ile ilianza kutusumbua tukiwa bado kanisani. Watu wakishanawa mikono, mmoja wao angesema kwa uchokozi, "Papa Kalenga, tusomee basi," kana kwamba hawakuisikia Jumapili iliyopita. Papa angejifanya kukataa, kisha angeleta kopo la biskuti, afungue nailoni, atoe karatasi nne. Ilikuwa barua aliyoandikiwa na Lubangi, zamani, wakati Lubangi alikuwa mwalimu wa shule tu, na siasa ndiyo kwanza inamwingia damuni, akitafuta vijana wa reli wa kumfuata. Sasa Lubangi alikuwa Komisere wa serikali, yaani waziri, huko Kinshasa, picha yake magazetini, na Papa Kalenga ndiye mtu pekee katika kambi nzima aliyekuwa na maandishi yake. Hakuna aliyeruhusiwa kuishika. Aliisoma mwenyewe, wima, na sauti yake ya ofisini ilibadilika pole pole hadi akafika mwisho, ambako sauti ilishuka kabisa: "Na siku utakayokosa mahali pa kulala, usiulize kwa jirani. Nyumba yangu ni nyumba yako, na taa itakuwa inawaka." Wageni walitikisa vichwa. Na kila Jumapili, Papa akifungua tu kopo, Mama Ilunga aliinuka akaenda jikoni. Kwa dirisha langu nilikuwa nimekwisha kumwona akisimama huko bila kufanya kazi yoyote, mgongo kwenye ukuta. Nilidhani anamdharau mumewe. Nilikuwa na miaka ishirini, na katika umri ule mtu anadhani anasoma nyuso za watu kama tangazo ukutani.

Kisha ikaja karatasi kutoka kwa shefu wa wafanyakazi. Papa aliisoma akiwa amesimama, akaiweka chini ya sahani, akala. Baadaye nikamsikia akimweleza mkewe nje, chini ya dirisha langu, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba: "Banasema minyi nimefika retreti. Mwisho ya mwezi ya kesho, nyumba irudi ku kompanyi." Mama akauliza, "Na siye?" Kustaafu, basi, kulikuwa pia kutolewa nyumba. Mtu aliyekaa nyumba ya reli maisha yake yote hajui nyumba nyingine inafananaje, na nadhani siku ile ndiyo mara ya kwanza nilipoona hofu kwenye mikono ya mtu mzima; alikuwa anakunja na kukunjua leso. Haikupita wiki, kambi ikajaa habari kwamba Komisere Lubangi atapita Kamina kwa treni maalumu, atashuka kituoni, na anataka kusalimiana na wenzake wa zamani. Yule shefu wa wafanyakazi, mtu aliyependa kuegemea mlango wa watu, akamwambia Papa waziwazi: "Komisere akisema maneno mbili tu juu yako, nyumba utabaki nayo. Si uko na barua?" Akafika jioni hiyo Papa akiwa na uso mwingine. Alinunua hata soda. Akasema barua ile imengoja siku hii.

Akaniomba nimsaidie. Nipige kwa mashine ombi la nyumba, na nipige pia nakala ya barua, ili Komisere abaki na nakala na yeye abaki na yake. Akanipeleka ofisini kwake mchana mmoja, akaniketisha mbele ya mashine nzito iliyokuwa na herufi moja inayokwama, akanipa ile barua mkononi mwangu. Sikuamini. Nilipiga ukurasa wa kwanza nikiogopa kupumua juu yake. Kandokando yangu palikuwa na rafu za rejista za vituo vyote vidogo vya njia, ambazo zililetwa kila mwezi Papa azikague kwa wino mwekundu na kuzirudisha. Nilifungua moja kupumzisha macho. Kila mstari, maneno yalipoishia kabla ya ukingo wa karatasi, karani alikuwa amevuta mstari wa wino hadi mwisho kabisa. Nikauliza kwa nini wanachafua karatasi. Papa akacheka, jambo la nadra. "Pahali patupu iko mulango ya mwizi, mutoto yangu. Ukiacha patupu, muntu atakuja kuandika treni yenye haikupita. Ku reli hatuachake patupu." Akatoka kwenda kunywa maji. Nikageukia barua niendelee, vidole vikakaa juu ya mashine bila kushuka. Katika barua ya Lubangi, kila mstari uliokuwa mfupi ulikuwa umevutiwa mstari hadi ukingoni, na mwisho wake kuna kitone kidogo. Lubangi hakuwahi kufanya kazi ya reli hata siku moja. Wote walijua hivyo; Papa mwenyewe alisimulia hivyo kila Jumapili.

Siku zile zilizofuata sikuelewa kitu. Akili yangu ilipata njia moja tu: barua iliandikwa na mtu wa reli, na mtu wa reli aliyekuwa nayo ni Papa Kalenga. Kwa hiyo aliiandika mwenyewe. Mtu yule aliyekunja taulo kwa rula alijiandikia barua ya mkubwa na kuwasomea majirani kwa miaka. Nilimtazama akila na nikaona aibu kwa ajili yake, kisha nikaona aibu kwa kumwonea aibu, kisha nikaogopa. Komisere akishika karatasi ile mbele ya watu akasema si yake, Papa hatapoteza nyumba tu. Miaka ile watu walifungwa kwa madogo kuliko hayo. Nilitaka kumwambia asiende. Nilitaka pia kuiba kopo na kulitupa shimoni. Asubuhi mbili nilimfuata hadi langoni nikiwa na maneno mdomoni, na mara zote mbili nilimuuliza kama amechukua mwavuli.

Mwishowe nilimwendea Mama Ilunga jikoni, akitwanga sombe. Nikamwambia yote kwa mkupuo: mistari, kitone, rejista, na kwamba Papa amedanganya. Mchi haukusimama mara moja. Ulitwanga tena mara mbili tatu, kisha akaukalisha ndani ya kinu. "Kalenga hakudanganya muntu," akasema. "Ile barua minyi njo niliandika." Nikakaa juu ya ndoo. Akasimulia akiwa ananitazama usoni, kana kwamba alikuwa anangoja mtu amuulize. Baba yake alikuwa shefu wa kituo kidogo upande wa Kaniama, macho yakamharibikia, akaficha asifukuzwe kazi. Yeye, binti aliyesoma kwa masista, ndiye aliyejaza rejista miaka yote ile kwa jina la baba. "Lubangi alifika kule mukono imefungwa kitambaa. Mulango ya wago ya treni ilimufinya bidole. Alingoja treni siku mbili. Yeye alikuwa anasema, minyi naandika. Barua mingi ya bantu ya reli. Ya Kalenga njo ilikuwa ya mwisho, na treni ikafika katikati. Akatia sahihi na mukono ya kushoto, chini kabisa, akaniambia, malizia, unajua vile nasemaka. Akapanda." Akapangusa mchi kwa kiganja. "Aliacha pahali patupu kubwa juu ya sahihi. Papa yangu alinifundisha hatuachake patupu. Nikajaza."

"Ulijaza nini, Mama?"

"Ile ya nyumba," akasema. "Na taa."

Nikamuuliza kwa nini yale, kwa mtu asiyemjua. Akasema alimjua. Kila mwezi rejista ilirudi kutoka Kamina ikiwa na wino mwekundu wa karani Kalenga pembeni: vizuri sana. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa anamwambia vizuri sana. "Lakini yeye alikuwa anawaza ile rejista iko ya papa yangu. Mara moja ilirudi ukurasa mumoja imepasuliwa, papa yangu akalia na woga, tukangoja kuulizwa, hakuna muntu aliuliza. Kiisha miezi kidogo ya ile barua, Kalenga akashuka ku kituo yetu yeye mwenyewe. Alisema anakuja kukagua. Akaniona. Vile njo alinioa." Nikamwambia lazima amwambie mumewe kabla ya siku ya treni, maana anakwenda kumdai Komisere ahadi ambayo Komisere hakuitoa. Akashika mchi tena. "Nitamuambia," akasema. "Lakini nikimuambia, itabaki nini mu lile kopo?" Swali hilo nililiona la kipuuzi wakati ule. Nyumba inakwenda, na yeye anauliza habari za kopo.

Asubuhi ya siku yenyewe nilimwona kwa dirisha langu akipiga pasi ya makaa abakosti, lile koti la siku hizo lisilo na tai, ambalo Papa aliliazima kwa jirani. Alipiga pasi polepole sana. Papa alikaa pembeni amevaa fulana, ananyoosha masharubu. Nikangoja nisikie sauti ya Mama ikimwambia. Alimvisha koti, akachukua barua kutoka kwenye kopo, akaikunja, akaitia mwenyewe kwenye mfuko wa kifuani, akaupiga mfuko kwa kiganja. Kisha akarudi jikoni. Nilimkasirikia kiasi kwamba nilikataa chai, na mimi si mtu wa kukataa chai. Tukaenda Papa nami, na lile ombi langu la mashine ndani ya bahasha.

Kituo kilijaa. Wanawake wa animasyo, wale wa kuimbia na kuchezea chama, walikuwa wamevaa vitenge vyenye picha ya rais, wanacheza tangu alfajiri na jasho limewatoka. Wazee waliosemekana kuwa wenzake Komisere walipangwa mstari kandokando ya reli, kama kumi hivi, nami nilisimama nyuma ya Papa na bahasha. Lubangi alishuka. Alikuwa mfupi kuliko picha zake. Alipita akishika mikono, kila mtu neno moja, na alipofika kwetu katibu wake akamnong'oneza. Komisere akatabasamu. "Kalenga. Banasema uko na barua yangu ya zamani. Lete nione." Akanyoosha mkono, ule wa kulia, nikaona kidole kimoja kimepinda. Papa akapeleka mkono kwenye mfuko wa kifuani. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua, mkono wake ulikuwa bado juu ya mfuko, umelala pale, na ncha ya karatasi inaonekana wazi kati ya vidole. "Munisamehe, Sitwayeni Komisere," akasema Papa kwa sauti ya ofisini, akimwita raia kama ilivyoagizwa. "Nilisahau ku nyumba." Watu wakacheka. Komisere naye akacheka, akabaki na mkono wazi kidogo, kisha akampa mzee aliyefuata. Bahasha yangu sikuitoa, kwa sababu hakuna aliyeniuliza.

Tulirudi kwa miguu tukifuata reli. Nilitembea nyuma yake nikimtafuta kichwani, na simpati. Kama alijua barua si ya Lubangi, kwa nini alienda? Kama hakujua, kwa nini hakuitoa? Mwishowe nikamwambia, bila adabu, kwamba niliiona mfukoni. Hakugeuka. "Angeishika, angeenda nayo," akasema. Nikamwambia, kumjaribu, si ni ya Komisere, ndiye aliyeiandika. Papa Kalenga akasimama, akatazama njia ya Kaniama, akasema, "Ile mukono minyi nilijua kitambo, mbele ya kujua sura yake." Nikadhani anamsema Komisere, na nikaona maneno hayo hayana kichwa wala miguu. Mwisho wa mwezi uliofuata walihama. Mkokoteni mmoja ulitosha. Mama Ilunga alikuwa na kijumba cha tofali mbichi pembeni kabisa ya mji, alichoachiwa na baba yake na ambacho sikuwahi kumsikia akikitaja, chenye chumba kimoja na nusu na paa la nyasi upande mmoja. Yeye ndiye aliyetangulia kufungua. Ilikuwa mchana kweupe, jua kali, na ndani juu ya kreti nikaona taa ya mafuta inawaka. Papa akasimama mlangoni akiwa amebeba kopo, akaitazama ile taa muda mrefu, akasema, "Njo vile balisema: nyumba yangu ni nyumba yako." Mama akamtazama sana. Akasema tu, "Ingia." Mimi nilidhani Papa anamkejeli Komisere.

Hayo ndiyo niliyomsimulia mgeni wa Lubumbashi, kwa ufupi zaidi, chai ikipoa. Nikamwambia mkono si wa Lubangi. Ni wa binti wa kituo kidogo, marehemu mwenye nyumba hii, na cha Komisere ni sahihi tu, ya mkono wa kushoto. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akavua glavu, kidole kimoja kimoja, akasema kwamba bila mkono wa mheshimiwa karatasi ile ni karatasi ya zamani tu, akatupa pole tena, akaenda zake. Ilunga alinuna. Alikulia na barua ile, aliisikia kila likizo, na mimi nimekuja na treni iliyochelewa kumnyang'anya hata hiyo, matanga hayajaisha. "Kwa hiyo Papa alikufa hajui," akasema. Nikaanza kurudisha karatasi nne kwenye kopo, na chini kabisa, iliyokunjwa kwa kipimo kilekile kama ya tano, nikahisi nyingine.

Ilikuwa ukurasa wa rejista ya treni, ukingo mmoja umepasuliwa. Saa za kufika, saa za kuondoka, jina la kituo kile cha upande wa Kaniama, na mwaka uliotangulia mwaka wa barua. Pembeni, kwa wino mwekundu uliofifia: vizuri sana. Papa Kalenga, ambaye angemfukuza kazi mtu kwa kupasua ukurasa mmoja, alikuwa ameupasua mwenyewe. Alikuwa anaujua mkono ule kabla barua haijaandikwa, na kila Jumapili alisimama akasoma kwa sauti mwandiko wa mkewe ili mkewe ausikie kutoka jikoni. Na Mama Ilunga, aliyebaki na kopo lile miaka yote baada ya Papa kufa, hakuuondoa. Kama walikwisha kuambiana, sijui. Kama Papa alijua maneno ya taa pia yalitungwa na nani, au alijua mwandiko tu, hilo nalo sijui, na nimezeeka nikilifikiri. Ilunga alikuwa anangoja. Nikaitoa tena barua, nikauweka ule ukurasa kando yake juu ya meza ya mama yake. Akainama, akasoma saa za treni kwa midomo, akanitazama haelewi.

"Hapana kusoma," nikamwambia. "Angalia mwisho ya mistari."